Vitabu vya msaada mashuleni: tupokee tu kila kinachokuja?

Wadau, jana nimebishana sana na wenzangu kazini. Wao wanasema shule ikiletewa maboksi ya vitabu kutoka Ulaya ipokee tu, kitabu ni kitabu, mtoto asome. Mimi nakataa, na mfano wangu ni mwandishi Chimamanda Adichie wa Nigeria.

Huyu dada kakulia Nsukka, mji wa chuo kikuu, ndani kabisa ya kampasi. Baba yake profesa wa takwimu, mama yake alikuja kuwa msajili wa kwanza mwanamke pale chuoni, na nyumba waliyokaa alishawahi kukaa Chinua Achebe mwenyewe, yule mwandishi mkubwa wa Nigeria! Kwa vitabu hakupungukiwa. Lakini 2009 alisimulia mwenyewe kwamba alipoanza kuandika hadithi akiwa na miaka kama saba, kwa penseli na michoro ya rangi, wahusika wake wote walikuwa wazungu wenye macho ya bluu, wanacheza kwenye theluji, wanakula epo, wanafurahi kweli jua limetoka. Jua, Nsukka! Hata kile kinywaji cha tangawizi walichokuwa wanakunywa hakukijua kabisa, alikitoa tu kwenye vitabu vya Waingereza alivyokuwa anasoma, wakati kwao wanakula maembe. Alipokuja kuwasoma Achebe na Camara Laye, mwandishi wa Guinea, ndo akaona kumbe msichana mweusi mwenye nywele za kipilipili naye anaweza kuwemo kitabuni.

Baadaye akasoma udaktari na famasia hapohapo Nsukka kama mwaka mmoja na nusu, huku anahariri jarida la wanafunzi, akaacha, akiwa na miaka 19 akaenda Marekani. Na riwaya yake ya kwanza, 2003, akairudisha nyumbani Nigeria, kwenye miji ya Enugu na Nsukka. Theluji hamna.

Hili linaniuma kwa sababu shule ya msingi niliyosoma ilikuwa na kabati moja tu la vitabu, lina kufuli, linafunguliwa Ijumaa, na kitabu nilichokipenda kilikuwa cha mtoto anayetengeneza mtu wa theluji. Nikamuuliza mwalimu theluji ni nini, akasema ni kama ile barafu ya kwenye friji. Kijiji kizima hakikuwa na friji.

Sisemi vya nje vitupwe, nasema halmashauri zitenge hela kila mwaka zinunue hadithi za waandishi wetu, za Kiswahili, ziwe nyingi kuliko za msaada. Wenye watoto shuleni, kabati la shule yenu lina nini?