Mrejesho: maumivu ya bega la kulia yasiyoisha
Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu bega la kulia lililokuwa likiniuma kila ninapoinua mkono kupaka rangi dari, na usiku nikililalia, ingawa nina miaka 27 na sijawahi kuanguka wala kuteguka. Wengi mlinielekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, nami nawashukuru kwa dhati.

Alipima nguvu za mkono, mwendo wa bega na hata shingo, kwa kuwa maumivu ya bega wakati mwingine hutokea shingoni. Alieleza kwamba tatizo limo katika kano za misuli minne inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono ndani ya tundu lake, ambazo zilibebeshwa kazi kubwa kuliko zilivyozoea, na kwamba eksirei haikuhitajika kwa sasa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba kulipumzisha bega kabisa hulidhoofisha. Nilianza kwa kusukuma ukuta bila kusogeza mkono, kisha nikavuta mpira wa mazoezi, ugumu ukiongezwa polepole. Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake yanaruhusiwa. Mazoezi haya huhitaji takribani wiki 12, kwa hiyo anayeyaacha mapema hajayapa nafasi. Sasa ninalala vizuri, ingawa dari bado ninazipaka kwa vipindi vifupi, nikisimama juu zaidi ili mkono usinyooke mno.

Mwenye homa, mkono uliokufa ganzi, bega lililochomoka au maumivu yanayoambatana na kubanwa kifua asianze mazoezi. Aende hospitali mara moja.