Laptopu mpya imekufa kwa sababu diski yake imechomelewa kwenye bodi. Wauzaji, kwa nini hamsemi?

Wakuu, habari za jioni.

Nimerudi kutoka Kariakoo sasa hivi na hasira niliyoondoka nayo kwa fundi bado ninayo yote. Nitaandika kirefu, mtanivumilia.

Mwaka juzi mdogo wangu alipopata nafasi ya chuo nilimnunulia laptopu. Mpya, ndani ya boksi, shilingi 550,000, risiti ninayo mpaka leo. Sikwenda kwa wauza used kwa sababu nilitaka apate kitu cha kumfikisha mwaka wa tatu bila usumbufu. Kibandiko kilisema hifadhi GB 64, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) GB 4. Nikamuuliza muuzaji, hii GB 64 si ndogo? Akanijibu bila hata kufikiri: "Dada yangu, hiyo utaongeza tu baadaye, mafundi wamejaa mjini." Nikatoa hela. Kama asingesema hivyo nisingenunua.

GB 64 ya kwenye kibandiko ukiiwasha inasoma kama 58 hivi. Windows na mafaili yake inachukua karibu nusu. Weka programu za kuandikia, weka kivinjari, weka ile programu ya takwimu ambayo chuo kinaitaka, umebaki na nafasi ya kugombania. Haikufika miezi mitano apdeti zikaanza kugoma, kila zikija zinadai nafasi. Mdogo wangu akawa kila Jumapili anakaa kufuta vitu. Anafuta picha, anafuta slaidi za muhula uliopita, anahamishia kwenye flashi, wiki inayofuata mashine imejaa tena. Nikampigia muuzaji. Akasema weka memori kadi. Tukaweka. Memori kadi inatunza picha na nyimbo, sawa, lakini Windows yenyewe na apdeti zake zilibaki kubanana palepale kwenye C, yaani hifadhi ya ndani.

Wiki tatu zilizopita akanipigia saa nne usiku. "Dada, imewaka ikaandika maneno meupe halafu haiendelei." Nikamwambia apige picha anitumie. Skrini nyeusi, mstari mmoja wa Kiingereza unaosema hakuna diski ya kuwashia. Akazima akawasha, akazima akawasha, hali ni ileile. Ndani yake kulikuwa na kazi ya utafiti ya mwaka wa mwisho. Alikwenda Singida kuhoji wakulima wa alizeti, akazunguka vijiji kwa bodaboda kwa hela niliyomtumia mimi. Hojaji za karatasi bado anazo. Mahojiano aliyorekodi kwa sauti aliyahamishia kwenye laptopu kwa sababu simu yake ilikuwa imejaa. Hayapo mahali pengine popote.

Leo nikaichukua nikampelekea fundi ninayemwamini, yuko ghorofa ya pili kwenye moja ya yale majengo ya vifaa vya umeme. Nikakaa kwenye stuli nikiangalia. Akatoa skrubu tisa za nje, akabandua vimpira viwili vya chini, kumbe chini yake kuna nyingine mbili. Akapitisha kadi ya plastiki kuzunguka ukingo mpaka kifuniko kikaachia. Mimi nilikuwa na hela mkononi tayari ya kununua diski nyingine, nikijua ya zamani itatolewa na mafaili tutahangaika nayo taratibu.

Akaniambia, "Dada, njoo uone."

Bodi yenyewe ni ndogo, kama kiganja changu. Betri imechukua sehemu kubwa, pembeni kuna nafasi tupu inayotosha kuweka kiberiti. Diski hakuna. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kichipu cheusi chembamba, ukubwa wake kama laini ya simu, kimechomelewa juu ya bodi kwa vitone vya kulehemu ambavyo huvioni kwa sababu viko chini yake. "Hii ndiyo diski yako. Hii haichomoki kama zile nyingine."

Halafu akanionyesha kitu kilichoniudhi kuliko vyote. Pembeni ya ile nafasi tupu, juu ya bodi, kuna safu ya alama ndogo za kung'aa zimepangwa kama meno ya kitana, na mbele yake tundu la kufungia skrubu. Ni mahali pa kuchomekea SSD ya kawaida, yaani diski ya chipu isiyozunguka. Aliyechora bodi alipachora. Njia za umeme zipo. Tundu la skrubu lipo. Kilichokosekana ni kile kipande cha plastiki cha kuchomekea, ambacho kiwandani hakikuwekwa. Kwa hiyo hakuna wa kunidanganya kwamba nafasi haikutosha. Mtu alikaa mezani akaamua kwamba mashine hii mnunuzi asiweze kuiongezea chochote.

Fundi akaniambia kubadilisha bodi nzima ni 390,000 na inaagizwa nje, wiki tatu mpaka nne. Bodi hiyo nayo inakuja na chipu nyingine ya aina ileile, imechomelewa vilevile. Waranti ya mwaka mmoja imekwisha zamani. Na hata ingekuwepo, dukani wangebadilisha bodi, ile yenye kazi ya mdogo wangu ingetupwa.

Sasa niwaeleze kwa nini hizi chipu zinakufa, kwa sababu watu wanadhani mdogo wangu aliiangusha. Hifadhi za aina hii, eMMC, ni ndugu wa memori kadi. Kila seli ina idadi ya mara inazoweza kuandikwa na kufutwa, ikifika mwisho imechoka. SSD nzuri nayo huchoka, ila ina nafasi kubwa ya kugawa kazi ili isiandike palepale kila siku. Kwenye GB 64 iliyojaa muda wote, zimebaki seli chache zinazofutwa na kuandikwa upya usiku na mchana. Ongeza RAM ya GB 4, ambayo ikizidiwa Windows hutumia hifadhi kama RAM ya akiba, yaani maandishi juu ya maandishi. Kwa hiyo unauziwa mashine ambayo kipande chake kinachochoka upesi ndicho kimegandishwa pasipotoka. Tairi likiisha hununui gari jipya. Hapa naambiwa ninunue gari.

Mimi mwenyewe natumia ThinkPad T430, toleo la 2012, niliichukua used. Ilikuja na diski ya kuzunguka ya GB 320, ilipoanza kupiga kelele nikanunua SSD. Unafungua skrubu moja, kifuniko cha pembeni kinatoka, unavuta diski kama droo, unasukuma nyingine. Dakika tano, nilifanya mwenyewe juu ya meza ya kulia chakula. Ile ya zamani nikaitia kwenye kasha la USB nikahamisha vitu vyangu vyote, hakuna faili lililopotea. Mashine ya 2012 inafanya hivyo, na mpya ya mwaka juzi haiwezi!

Najua kuna watakaokuja kusema "cha rahisi ni ghali, ungenunua ya bei kubwa". Haya, twende kwenye bei kubwa. MacBook Pro ya 2012 ya inchi 13, ile yenye sehemu ya CD, unafungua chini unabadilisha diski, na Apple waliendelea kuiuza mpaka 2016. Mwaka huohuo 2016 wakatoa MacBook Pro zenye Touch Bar (ukanda wa kugusa juu ya kibodi), hifadhi imechomelewa. Leo ukichukua MacBook mpya, kiasi ulichonunua ndicho utakachofia nacho. Kwa miaka mingi kutoka GB 256 kwenda 512 wametoza dola 200 za nyongeza, na unalazimika kuamua siku ya kununua kwa sababu kesho haiwezekani. Tena kwenye zile zenye chipu za Apple wenyewe, M1 na kuendelea, hifadhi ya ndani ikifa kabisa mashine haiwaki hata ukichomeka diski ya nje. Mtu ametoa milioni tatu na zaidi, yuko kwenye shimo moja na mdogo wangu.

Wengine watasema ni kwa ajili ya wembamba. Hapana. Kuna SSD za kuchomeka zinaitwa M.2 2230, namba hiyo ndiyo vipimo vyake, milimita 22 kwa 30. Ni ndogo kuliko boksi la kiberiti. Microsoft walipotoa Surface Laptop ya kwanza 2017, iFixit, wale wanaofungua vifaa na kuvipa alama, waliifungua wakaipa 0 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezeka, maana hata kuifungua ni kuiharibu. Miaka miwili baadaye, 2019, ikaja Surface Laptop 3, nyembamba na nzuri kama kawaida, SSD inatoka kwa skrubu. Kampuni ileile. Waliweza walipotaka.

Na wale wa "weka kila kitu mtandaoni", nawaomba mfikirie bando la mwanafunzi. Saa kumi na kitu za mahojiano ya sauti, apandishe kwa GB moja ya kujiunga kila siku, akiwa kijijini Singida mtandao unakuja na kwenda? Kutunza nakala ni wajibu wetu, nakubali, na tangu wiki hii nimemnunulia diski ya nje. Hilo halimpi mtu haki ya kuniuzia mashine iliyofungwa halafu aniambie mafundi wamejaa mjini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba laptopu kwetu haiishi mara moja. Mimi nikimaliza anachukua mdogo wangu, mdogo wangu akimaliza inakwenda kwa binamu aliyeko sekondari, ikifika kwa binamu imebadilishwa betri, imebadilishwa diski, pengine na kibodi. Ndivyo familia nyingi zinavyopata kompyuta, na ndivyo mafundi wa Kariakoo, wa Mwanza, wa Nairobi wanavyolisha watoto wao. Ukichomelea diski umekata mnyororo huo wote kwenye mkono wa kwanza. Wenzetu Ulaya wameanza kuamka. Ufaransa tangu 2021 laptopu inauzwa ikiwa na alama dukani ya kuonyesha inatengenezeka kwa kiasi gani, na Umoja wa Ulaya umepitisha kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya aina hii ziwe zinaweza kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Sisi tuna Tume ya Ushindani, tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi. Mimi sijaomba makubwa. Kwenye kibandiko kilekile kilichoandikwa GB 64, waandike maneno mawili tu: inabadilishika, au haibadilishiki. Nimeanza kuandika barua yangu kwa Tume na nitaambatanisha risiti na picha za bodi.

Mnaotaka kununua, kabla hujatoa hela tafuta namba kamili ya modeli, siyo jina la kampuni tu. Ukiona imeandikwa eMMC au UFS (aina nyingine ya chipu ya hifadhi), chukulia imechomelewa. Ikiandikwa M.2 una matumaini, ila neno "SSD" peke yake halitoshi, kuna SSD zilizochomelewa pia. Muulize muuzaji aandike kwenye risiti kwamba hifadhi inabadilishika na asaini. Akikataa kuandika, jibu umelipata.

Sasa naomba msaada wenu, ndiyo sababu nyingine ya uzi huu. Fundi wangu anasema anaweza kuitoa ile chipu kwa hewa ya moto, kuisafisha vitone na kuisoma kwenye kifaa maalumu cha eMMC, ila haahidi chochote kwa sababu chipu imeshachoka na joto linaweza kuimaliza. Kuna kikwazo kingine. Anasema Windows za siku hizi mara nyingi hufunga hifadhi kwa msimbo wa siri ili asiye na ufunguo asiisome, hivyo hata akiisoma atahitaji ile namba ya kufungulia yenye tarakimu 48, ambayo hutunzwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mashine mara ya kwanza. Aliyeiwasha mara ya kwanza ni kijana wa dukani, kwa barua pepe ya duka. Nimewapigia mara nne leo. Mara ya kwanza waliniambia wanaangalia, mara tatu zilizofuata simu haikupokelewa. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwao na sitoki bila namba hiyo.

Mwenye uzoefu wa kusoma chipu ya namna hii ikiwa imechoka, tafadhali aniambie: niiache fundi aitoe, au kuna njia ya kuisoma ikiwa bado kwenye bodi bila kuipasha moto? Mdogo wangu anatakiwa kuwasilisha kazi tarehe 28.