Naomba ushauri: taa ya rangi tatu na taa ya nanga kwenye mashua ya matanga

Ndugu wanachama, mashua yangu ya matanga ina urefu wa mita 9, na taa zake za omo (sehemu ya mbele), nyekundu kushoto na kijani kulia, humezwa na mawimbi kila bahari inapochafuka. Nafikiria kufunga kileleni mwa mlingoti taa moja ya rangi tatu (nyekundu, kijani, na nyeupe ya nyuma), inayoruhusiwa na kanuni za kimataifa kwa chombo cha matanga kisichofikia mita 20, ingawa nikiwasha injini itanibidi niizime na kurudia zile za chini pamoja na taa nyeupe ya mlingotini.

Kinachonitatiza zaidi ni taa ya nanga, ile nyeupe inayowashwa usiku chombo kikiwa kimetia nanga. Ikiwa kileleni huonekana mbali, lakini anayepita karibu hatazami juu. Juzi usiku, mpitaji mmoja nusura aniparamie. Je, niishushe hadi juu kidogo ya sitaha, au niongeze ya pili?