Sarafu za kale za Uingereza za mirathi: tuuze kwa uzito, kwa mfanyabiashara, mnadani au mtandaoni?

BintiMwambao (Leicester)
Assalaam aleikum wenzangu. Mjomba wetu, baharia wa zamani aliyehamia Liverpool, ametangulia mbele ya haki. Ametuachia mikebe ya biskuti iliyojaa sarafu za Uingereza: peni kubwa nyeusi, shilingi, florini (za shilingi mbili), nusu krauni (za shilingi mbili na nusu), na vipande vichache vya dhahabu alivyovifunga kwenye leso. Warithi tuko Leicester, Mombasa na Muscat, kwa hiyo thamani lazima ijulikane kabla ya kugawana. Sonara mmoja wa mtaani kwetu yuko tayari kuchukua vyote kwa bei moja, papo kwa papo. Binamu anataka mnada. Mimi naona afadhali kuuza moja moja mtandaoni. Mnashauri nini?

MzeeKilindini
Wa aleikum salaam binti yangu, poleni sana kwa msiba. Mungu amrehemu.

Hakuna njia moja ya mkebe mzima, kwa sababu mkebe huo si mali ya aina moja. Chambua kwanza, njia itajionyesha yenyewe. Tandika shuka mezani, kaa penye mwanga wa dirisha, usome miaka. Kwa sarafu nyeupe za Uingereza kuna mipaka miwili tu ya kukariri. Zilizotoka kabla ya 1920 ni madini ya fedha kwa asilimia 92.5. Za 1920 hadi 1946 ni fedha nusu kwa nusu. Kuanzia 1947 ni shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe. Nusu krauni ya 1946 na ya 1947 ukiziweka pamoja utadhani ni pacha, lakini moja ina madini ya thamani na nyingine haina.

Peni weka kando, dhahabu weka kando kabisa. Na sarafu za Malkia Victoria usizichanganye na nyingine hata kama zimechakaa. Utamjua kwa sura: kijana mwenye nywele zilizofungwa, kisha sura ya 1887 yenye taji dogo, kisha ya 1893 akiwa mzee mwenye ushungi.

FundiMizani (Dar)
Naongezea hesabu, maana sonara anategemea usiijue. Nusu krauni ina gramu 14.14. Ya kabla ya 1920 ina takriban gramu 13.1 za fedha safi, ya 1920 hadi 1946 ina gramu 7.07. Florini ina gramu 11.31 na shilingi 5.66, nazo unazipigia hesabu vivyo hivyo. Bei ya fedha duniani hutajwa kwa aunsi ya troy, yaani gramu 31.1. Kilo moja ya sarafu za nusu kwa nusu ina gramu 500 za fedha, yaani kama aunsi 16. Kilo ya zile za zamani ina karibu aunsi 30. Akizichanganya kwenye mizani moja na kukupa bei ya zile hafifu, umeshapoteza karibu nusu ya thamani ya zile za zamani bila yeye kusema uongo wowote.

Pima kila fungu peke yake, andika uzito, ndipo umuulize anatoa asilimia ngapi ya bei ya siku. Na msiziyeyushe wenyewe: sheria ya sarafu ya Uingereza ya 1971 inakataza bila leseni. Kuziuza kwa uzito hakuna kosa.

Reading_Kaka
Mimi natofautiana kidogo. Florini za miaka ya 1920 na 1930 zilizosagika mpaka sura ya mfalme haionekani, dada, peleka kwa uzito na uachane nazo. Kuzipiga picha, kuzifunga na kupanga foleni posta kwa faida ya senti chache ni kujitesa. Mtandaoni nenda na zile zenye nakshi kali tu. Na kabla ya kutaja bei, tazama zilizouzwa kweli, usitazame bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuandika bei yoyote anayoota.

MzeeKilindini
Hapo nakubaliana naye. Ila kabla ya kuzipeleka, angalia kama kuna nusu krauni ya 1905. Ni adimu, na watu huitafuta hata iliyochakaa. Kwa sababu hiyo hiyo imeghushiwa sana, kwa hiyo aione mjuzi.

MamaNuru (Birmingham)
Kuhusu mnada: unafaa kwa vipande bora, haufai kwa mkebe. Waulize mapema kamisheni ni kiasi gani, na kama kuna ada ya picha na bima. Kumbuka mnunuzi naye hulipa ada yake juu ya bei ya nyundo (bei ya mwisho mnadani), kwa hiyo anapopandisha dau ameshaitoa kichwani. Malipo huja baada ya wiki kadhaa.

Mfanyabiashara wa sarafu atakupa pungufu ya mnada, lakini analipa siku hiyo hiyo na anajua anachokitazama. Tafuta aliye mwanachama wa chama chao, BNTA. Nenda kwa wawili au watatu, kila mmoja akuandikie bei yake. Karatasi hizo ndizo zitakazowatuliza ndugu wa Mombasa na Muscat. Msimamizi wa mirathi naye anahitaji thamani ya siku aliyofariki, siyo ya siku ya kuuza.

Sarafu_Nairobi
Jamani, kabla hamjaendelea: MSIZISAFISHE. Hakuna ndimu, hakuna majivu, hakuna dawa ya kung'arishia shaba. Ule weusi ni ngozi ya sarafu. Ukiuondoa, mkusanyaji huona mikwaruzo midogo chini ya kioo cha kukuzia na bei inaanguka palepale. Ninaumia sana nikiona peni nzuri ya Victoria imesuguliwa ikang'aa.

Pia, kwa vile mjomba alikuwa baharia, chunguzeni kama zimo za Afrika Mashariki. Shilingi yetu yenye simba na milima nyuma yake, iliyoanza 1921, ilikuwa na fedha asilimia 25 tu hadi 1946. Isiingie kwenye fungu la shilingi za Uingereza, itaharibu hesabu yote. Na mkikuta senti 10 ya 1936 yenye tundu, someni jina: EDWARDVS VIII. Huyo ni Mfalme Edward wa Nane, aliacha kiti mwaka huo huo, na Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia sokoni. Kwetu ziliingia, tena kwa wingi, kwa hiyo hazina bei kubwa. Lakini mimi ningeitunza.

BintiMwambao
Mungu awalipe. Tumeanza kuchambua na binamu. Peni ni nyingi mno, na moja ya 1919 ina herufi KN upande wa kushoto wa mwaka, ingawa imechakaa. Kuna pia sarafu kubwa za Churchill za 1965, tunadhani ndizo za maana. Na dhahabu tuifanyeje?

MzeeKilindini
Churchill zilitolewa zaidi ya milioni 19, tena za shaba na nikeli. Wape watoto wazichezee. Hiyo KN ndiyo ya maana: ilitengenezwa Kings Norton, Birmingham. Tafuta pia KN ya 1918, na yenye herufi H ya 1912, 1918 na 1919. Zitie kwenye bahasha za karatasi moja moja. Peni zilizobaki uza kwa fungu. Ya 1933 msiisumbukie, zinajulikana kama saba tu duniani.

FundiMizani (Dar)
Dhahabu: sarafu ya pauni nzima (sovereign) iwe gramu 7.98 na upana milimita 22.05, karati 22. Nusu pauni ni gramu 3.99. Ikipungua au kuzidi waziwazi, usiiuze wala usiigawe kabla haijapimwa na mjuzi. Na kama kuna mrithi anayetaka kubaki na pauni ya mjomba mkononi, ahesabiwe kwa bei ya dhahabu ya siku ya mgao na ikatwe kwenye fungu lake. Hakuna haja ya kuuza zote.