Mashine ya kwanza ya kuchomelea, bajeti laki tatu na nusu, nichukue ipi?

MwanaGoba
Wakuu habari za mida hii. Naombeni ushauri kwa wanaojua mambo ya kuchomelea. Nataka mashine ya kwanza ya nyumbani, sio ya biashara. Kazi zenyewe ni grili za madirisha, stendi ya tangi la maji, alafu nina Hilux ya zamani kutu imekula sakafu upande wa dereva na ekzosi nayo inavuja. Bajeti laki tatu na nusu, ikibidi nasogea kidogo. Nimepita Kariakoo nimeona vidude vya inventa (zile mashine ndogo nyepesi za kielektroniki) vimeandikwa 400A alafu bei iko chini kuliko cha 200A duka la pembeni yake, nimebaki sielewi. Umeme ni huu huu wa luku, fezi moja.

FundiSkwea
Mkuu hiyo 400A isahau kabisa. Piga hesabu, soketi ya ukutani ni 13A, umeme 230V, ukizidisha hupati hata wati 3,000. Sasa 400A kwenye rodi (kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka ukichomelea) inataka volti kama 36 pale kwenye moto, hizo ni wati 14,400, zitatoka wapi? Hiyo ni stika tu. Angalia kibao cha nyuma, mashine ya ukweli imeandikwa inachoma muda gani kwa ampia ngapi, mfano 60% kwa 160A, yaani ndani ya dakika 10 unachoma 6 unaipumzisha 4. Kama hakuna kibao au muuzaji anakwepa swali, pita duka linalofuata. Alafu shika waya wa kibanio cha athi, kile kinachobana chuma unachochomelea, ukiuona mwembamba kama wa pasi ushajua.

Kwa grili na stendi wala huhitaji ampia nyingi. Skwea paipu ya milimita 1.5 au 2 unachoma na rodi geji 12 (geji ni namba ya unene, ikishuka rodi ni nene zaidi) kwenye ampia 60 mpaka 80, stendi ya tangi maana maji ni mazito weka chuma kinene na geji 10, hapo unapanda 100 na kitu. Inventa ya 160A ya ukweli inakutosha sana tu, anza na rodi za 6013 zinawaka kirahisi.

BodiNaRangi
Nakubaliana na fundi hapo juu ila kwenye gari tusimdanganye jamaa. Bati la sakafu ya Hilux halifiki hata milimita moja, ukigusa na rodi tundu la shilingi linakuwa la sahani. Pale ni MIG, yaani mashine inayosukuma waya yenyewe badala ya rodi, na iwe ya waya mwembamba wa milimita 0.6 na mtungi wa gesi, unadondoa nukta moja huku unahamia kule bati lipoe lisijikunje. Kuna hizi za waya wenye poda ndani hazitaki gesi, zinafanya kazi ila cheche nyingi na kwa mtu mgeni bado zitatoboa, na ukumbuke kugeuza nyaya, bunduki (mkono unaotoa waya) ikae hasi athi ikae chanya, watu wengi wanaacha ilivyokuja na mashine alafu wanalaumu waya.

MwanaGoba
Asanteni sana. Na zile tatu kwa moja, rodi na MIG na TIG (ile ya sindano na gesi) kwa pamoja, si ndo zingenimalizia kazi zote?

BodiNaRangi
Kwa laki tatu na nusu hapana mkuu. Chukua ya rodi nzuri, sakafu mpe fundi mwenye MIG, we mwenyewe kata kutu yote mpaka ufike bati safi utampunguzia kazi na yeye atakupunguzia bei.

MamaKarakana
Naongezea hili, tafadhali msilipite. Usimalize hela yote kwenye mashine. Nunua helmeti yenye kioo cha giza namba 10 au 11, miwani ya jua HAIZUII ule mwanga, usiku utaamka macho kama yamejaa mchanga na machozi hayakatiki. Nguo za pamba, viatu vya kufunika, glavu ndefu. Kwenye gari toa terminali ya hasi ya betri, ng'oa kapeti na lile sponji la chini, chungulia mabomba ya mafuta yanapopita, athi ibane karibu na unapochoma, na awepo mtu na ndoo ya mchanga. Paipu za gavanaizi piga grenda kwanza kuondoa ile rangi ya fedha na uchomee nje, ule moshi mweupe unaleta homa.

MwanaGoba
Nimeelewa mama. Swali la mwisho, soketi iko ndani, uani ni mbali kidogo, ekstensheni ya kawaida inafaa?

FundiSkwea
Ya kawaida ya tv hapana, itayeyuka. Tafuta waya mnene wa 2.5mm², uwe mfupi kadri unavyoweza, na ukitumia uukunjue wote usiache umeviringishwa maana unapata joto. Rodi ikiwa inanata nata wakati ampia umeshaongeza, cheki waya kwanza kabla hujarudisha mashine dukani.