Je, ukoloni ulimwathiri mkoloni mwenyewe?

Mkazi wa Temeke
Wadau, ninamsaidia mdogo wangu anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Daftari lake la historia lina kurasa nne za athari za ukoloni kwa Mwafrika: kodi, kazi za shuruti, kunyang'anywa ardhi. Kwa mkoloni upo mstari mmoja tu: "Alitajirika." Je, ndivyo ilivyoishia?

Mtembezi wa Posta
Mleta mada, mstari huo si wa uongo, ila umekatwa mapema mno. Kabla ya Sanamu ya Askari kuwekwa pale Posta mwaka 1927, mjini humu Wajerumani walikuwa na sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, yule aliyezima vita vya Abushiri, na chini ya miguu yake alisimama askari Mwafrika akimwinulia macho. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa, nayo ikaja kusimamishwa upya Hamburg, kwenye chuo kikuu, wakati ambapo Ujerumani haikuwa na koloni hata moja. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Kwa hiyo koloni liliondoka, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini kijana wa Kijerumani alikwenda darasani akipita mbele ya Mwafrika aliyefundishwa kumtazama mzungu kwa chini. Hayo nayo ni malezi, tena mabaya.

Mjukuu wa Mmatumbi
Ninakubaliana nawe, ila tusije tukaweka malezi mabaya na njaa kwenye mizani moja. Babu zangu waling'oa pamba ya shuruti mwaka 1905, Maji Maji ikaanza, na Wajerumani wakajibu kwa kuchoma mashamba na maghala. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba walikufa watu hadi 300,000, wengi wao kwa njaa.

Hata hasara ya mkoloni ilikuwa na mahali pa kuandikwa. Mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 ili Waingereza wapate mafuta ya kula, uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36, na Bunge la London likaujadili kwa hasira. Mgogo ambaye ardhi yake ilifyekwa kwa matrekta hakuwa na bunge la kumjadilia.

Mkazi wa Temeke
Ahsanteni sana. Mdogo wangu ameuliza kama Wajerumani wenyewe wanalizungumzia jambo hili siku hizi.

Mtembezi wa Posta
Wanalizungumzia, japo wamechelewa. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba radhi, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Mwambie aliandike hilo chini ya ule mstari mmoja.