Taa ya nanga ya juu ya mlingoti imekufa, nibadili balbu tu au niweke LED nzima?

tanga_moja
Wakuu habari zenu. Nina boti ya tanga ya zamani, futi 34, ya mwaka 1979, mlingoti kama mita 14 kutoka dekini. Taa ya nanga ya kule kileleni ilianza kufifia, mara inawaka mara inazima, sasa ina wiki nzima giza tupu. Ni ile ya balbu ya wati 10, na hata ilipokuwa nzima ikikesha tu asubuhi betri hoi. Nimewaza nihamie LED ila kila mtu ana lake, mmoja ananiambia nunua balbu ya LED chomeka palepale kazi kwisha, mwingine anasema toa taa yote na waya wote mpaka chini. Na kusema kweli huko juu sitaki kupanda mara tatu, magoti haya si ya kijana. Ingekuwa nyie mngefanyaje?

shetri_kulia
Fyuzi umeangalia? Usicheke, mi nimewahi kupanda mpaka kileleni nikakuta balbu nzima inaniangalia, nashuka ndo nakuta fyuzi ya kwenye paneli imeungua.

fundi_waya
Mkuu usipande bado, kazi kubwa hapo inafanyika chini. Pale mlingoti unapokutana na deki kuna plagi au kiungio cha waya, na kwenye boti za umri huo mara nyingi ugonjwa uko hapo, maji ya chumvi yanaingia, shaba inageuka kijani, umeme unapita kwa kuchechemea. Chomoa, washa swichi, pima volti upande unaotoka kwenye paneli, ila ufunge na balbu yoyote ya volti 12 hapo ili kuwe na mzigo, manake mita peke yake inadanganya, inakuonyesha 12 na kitu hata kama waya umebaki uzi mmoja, weka mzigo ndo utaona zinavyoporomoka.

Umeme ukiwa umefika vizuri, sasa pima omu kwenye zile waya mbili zinazopanda juu. Balbu ya wati 10 ikiwa baridi na nzima itakupa omu moja au mbili hivi pamoja na kidogo cha waya. Mita ikikwambia hakuna njia kabisa basi ama balbu imekatika ama soketi imeoza ama waya umekatika, hapo sasa tafuta kiti cha kupandia. Ikikupa omu chache na mwanga hamna basi anza na plagi, magoti yamepona. Kipimo hicho ni cha balbu ya zamani tu lakini, ukishaweka LED hakikusaidii tena.

Balbu au taa nzima? Piga hesabu, wati 10 kwa volti 12 ni kama ampea 0.8, masaa 12 ya usiku zinaondoka ampea-saa 10. LED ya wati 2 inakula kama 2 tu. Kuchomeka balbu ya LED ni sawa pale ambapo soketi ni nzima na kava halijapauka. Ila ya mwaka 79 bana? Hiyo plastiki itakuwa imeshageuka njano na imepasuka nywele nywele. Tena taa huwa inapimwa na kupitishwa pamoja na balbu yake, ukiweka nyingine humo ndani huna uhakika mwanga unatoka pande zote ule unaotakiwa. Mi ningetoa yote. Waya usiuguse kwa sababu ya wembamba, LED haivuti kitu, milimita 1.5 za mraba zinatosha na kubaki. Menya ncha uone, shaba ikiwa nyeusi kata nyuma kidogo kidogo mpaka ing'ae, isipong'aa ndo uvute mpya, na ununue ile iliyopakwa bati.

nahodha_mstaafu
Mimi nitakuwa mbishi kidogo vijana wangu. Kwani nani kasema lazima iwe kileleni? Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, kanuni ya 30, chombo kilichotia nanga kisichofika mita 50 kinatakiwa kuwa na taa moja nyeupe ya pande zote, mahali inapoonekana vizuri zaidi, basi. Na ionekane maili 2. Sasa mtu anakuja usiku na kiboti cha mashine macho yake yako usawa wa maji, taa yako iko mita 14 juu anadhani nyota, anachokiona mwisho ni ubavu wa boti yako. Mimi natundika yangu omo, yaani mbele ya boti, kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, ya tanga la mbele, mita mbili tatu juu ya deki, inamulika na deki yenyewe. Ya juu tengeneza, inasaidia kwa meli za mbali, ila usiitegemee peke yake.

mama_henza
Shikamoo nahodha, hilo la nyota nimeliona kwa macho yangu.

Tanga_moja ukipanda, henza mbili, moja ya kiti moja ya usalama, na ufunge kwa fundo, sio ile shakeli ya kufyatuka. Winchi ya mkono, ya umeme hapana. Asikae mtu chini yako, na kila kifaa kiwe na kamba. Kabla hata hujapanda, iwashe taa mpya hapo dekini kwa betri, LED nyingine ukigeuza chanya na hasi haziwaki, bora ujue ukiwa chini. Halafu hili watu wanalisahau: LED za bei rahisi zinapiga kelele kwenye VHF, redio ya mawasiliano ya boti. Fungua skwelchi, ile ya kunyamazisha mnong'ono wa redio, kwenye chaneli tupu, sogeza taa karibu na antena uiwashe, ukisikia mlio unaongezeka rudisha dukani, manake huko juu zitakaa jirani na antena ya AIS, mtambo wa kutambulishana vyombo, nayo itaumia.

Waya uache ujikunje kwenda chini kabla ya kuingia kwenye taa ili maji yadondoke, na usizibe kitundu cha kutolea maji kwa silikoni, utakuwa umejenga kisima.

tanga_moja
Nimerudi. Plagi ilikuwa kijani tupu, nimeikata nimeweka mpya, upande wa paneli napata 12.4 na mzigo. Upande wa juu mita ikasema hakuna njia, kwa hiyo nimepanda, mara moja tu, mke wangu kwenye winchi ananiuliza kila dakika kama bima yangu inafika mwezi gani. Soketi ilivunjikia mkononi kama biskuti. Waya ulikuwa mweusi kama sentimita 10 za mwisho, baada ya hapo shaba safi, sikuvuta mpya. LED inawaka, VHF kimya. Nahodha na ya omo nimetundika. Bisibisi iliniponyoka, mama_henza asante kwa kamba.

shetri_kulia
Na fyuzi?

tanga_moja
Nzima. Nimeiangalia mwisho.